Nilizunguka Mbalizi hadi Kalenga kutafuta puppy wa Labrador, nikakutana na mama aliyekataa kuniuzia

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Humu ndani mimi ni msomaji wa miaka mingi, kazi yangu kulike na kupita. Leo nina jambo limenijaa kifuani mpaka linamwagika, nimeona nilimwagie hapa. Siyo chai. Yametokea nyumbani kwangu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni fundi friji hapa Mbeya mjini. Wanaonijua wanajua sifa yangu moja kubwa: papara. Nikipenda kitu asubuhi, mchana sili mpaka nikipate.

Nina binti mmoja, Tusekile, tunamwita Tuse. Ana miaka tisa.

Mwaka jana asubuhi akiwa njiani kwenda shule, mbwa wa jirani alichomoka getini akamng'ata mguu. Tukakimbizana hospitali, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa zote, kidonda kikapona vizuri kabisa.

Ila mtoto mwenyewe hakurudi kuwa yule. Tangu siku ile hakutoka tena getini peke yake. Shule tunampeleka na kumrudisha. Ukimtuma kiberiti dukani, nyumba ya tatu tu hapo, anakuangalia mpaka unaona aibu unaenda mwenyewe. Akisikia mbwa anabweka hata mtaa wa pili, anasimama palepale alipo kama amegandishwa.

Wenzake walikuja kumwita wakacheze rede. Wakaja tena. Mwisho wakachoka, wakaacha kuja. Hilo ndilo lililokuwa linanikata maini.

Sasa twende kazi.

Siku moja nikaitwa kutengeneza friji nyumba moja maeneo ya Forest. Naingia sebuleni, naona mbwa mkubwa wa njano amelala katikati ya zulia, na katoto ka mwaka mmoja na kitu kamemkalia mgongoni kanamvuta masikio. Mbwa anapiga miayo tu!

Nikauliza, huyu ni mbwa gani? Wakaniambia Labrador.

Wakuu, friji nilitengeneza lakini akili haikuwepo pale. Nilirudi nyumbani naimba. Nikamvuta mke wangu chumbani nikamwambia nimepata dawa ya Tuse, nanunua puppy wa Labrador, ila iwe siri, nataka iwe surprise.

Akaniuliza: "Mtoto anaogopa mbwa, halafu wewe unamletea mbwa?"

"Ndiyo dawa yenyewe, mama Tuse."

"Haya, fundi."

Mke wangu akiniita fundi nikiwa nyumbani, jueni hajakubali. Mimi nikajifanya sijasikia.

Kuna daktari wa mifugo ni mteja wangu, nikamuuliza naanzia wapi. Akanipa neno moja tu: usichukue mtoto kabla hujamwona mama yake. Mama akiwa mpole kwa watu, watoto wanakuwa na pa kujifunzia. Shikeni hilo.

Nikaanzia Mbalizi.

Kuna jamaa alikuwa anapost picha za puppies weusi wanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikampigia, akanielekeza kwake, nyuma kidogo ya soko. Nimefika nimevaa hadi shati zuri, sijui nilidhani naenda kwenye interview.

Akanipeleka uani. Kuna sanduku la mbao limefunikwa gunia, halina hata dirisha. Akafunua kidogo, nikaona macho sita yananitazama kutoka gizani.

"Mbona umewafungia humu?"

"Hawatoki mpaka miezi minne, kaka. Wakizoea watu watakuwa wapole, mbwa mpole ya nini? Ukitaka awe mkali, ukifika kwako mpe pilipili kidogo kwenye ugali."

Hapa nisiwadanganye, hii habari wengi wetu tumekulia nayo. Hata baba yangu mbwa wake alikulia gizani, na tulijisifu shule nzima kwamba kwetu hakuingiliki. Kwa hiyo sikushtuka kama ninavyoshtuka leo.

Nikakumbuka neno la daktari. Nikamwambia naomba nimwone mama yao.

"Mama yao amesafiri."

"Mbwa amesafiri?"

"Yuko Tunduma, kwa bosi."

Nikacheka, naye akacheka, lakini bado nilikuwa nataka kununua! Papara ni ugonjwa jamani. Nikaingiza mkono nimtoe mmoja nimwone vizuri. Alichonifanya kidole gumba hiki sisahau. Na alipotoka kwenye mwanga, mkia umejikunja juu kama wa mbwa wetu hawahawa wa mtaani, ambao sina ubaya nao, ila Labrador mkia haukunji hivyo.

Yule puppy alikuwa anatetemeka mwili mzima huku ananing'ata. Nikamwona Tuse kabisa pale mkononi mwangu. Nikamrudisha, nikaaga.

Wiki mbili baadaye nikapata kazi ya kutengeneza cold room, kile chumba cha baridi, huko Iringa. Nikashuka Ipogolo asubuhi, nikaingia duka moja la vifaa vya umeme kutafuta waya. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, Mzee Jayanti, amezaliwa Iringa hiyohiyo na Kihehe kinamtoka utafikiri alikinyonya, ila Kiswahili chake bado kile cha Kihindi. Mteja akiingia anampokea na "Kamwene!" kabla hajafunga mlango.

Chini ya kaunta, juu ya gunia, amelala Labrador wa rangi ya chokoleti. Moyo ulinipiga pa!

"Mzee, huyu ana watoto?"

"Alikuwa nayo. Imekwisha yote, mwezi jana. Wewe nataka kwa kazi gani, kulinda?"

"Hapana mzee, kwa ajili ya mtoto."

Akavua miwani. "Basi wewe nenda Kalenga, kwa Mama Odilia. Lakini mimi nasema mapema, yule mama iko kali kuliko mbwa."

Cold room nilimaliza siku ya pili saa nne asubuhi. Saa tano niko juu ya bodaboda naelekea Kalenga, nyanya na alizeti kushoto na kulia, upepo usoni, nacheka peke yangu. Boda akaniuliza kama naenda kwenye mahari. Nikamwambia karibu na hapo.

Mama Odilia ni mkunga mstaafu. Mama mnene kiasi, gauni la kitenge, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nikamsalimu, nikajitambulisha kwamba ni Mnyakyusa kutoka Mbeya, nimekuja kuona watoto wa mbwa.

"Mnyakyusa umetoka Mbeya kuja kununua mbwa kwa Wahehe?" Akapiga makofi. "Una bahati umetukuta tumeshashiba!"

Wakuu, utani ule wa Wahehe kula mbwa mnaujua. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Nikaletewa ugali na mboga ya maboga, maana aliapa mgeni haongei biashara na tumbo tupu.

Halafu akawafungulia.

Saba! Wanne wa njano, watatu weusi, wiki tano, matumbo kama vibuyu. Walinijia mbio wanaanguka anguka. Nyuma yao mama yao, wa njano, mkia wake unapiga kila kitu, akaja akaniwekea kichwa gotini kana kwamba tunafahamiana tangu shule.

Na kila puppy ana kadi. Kadi kabisa, kama ya kliniki ya watoto, amezichora mwenyewe kwa rula: namba, tarehe ya kuzaliwa, dawa ya minyoo, uzito wa kila wiki. Namba imeandikwa kwenye utepe alioufunga shingoni mwa puppy. Mama alistaafu lakini kliniki haijastaafu.

Dume moja la njano, namba mbili, likalala juu ya kiatu changu. Likakoroma. Mimi nikawa nimemaliza, nikampa na jina palepale: Simba.

"Mama, nachukua huyu. Akifika wiki nane namfuata, leo naacha advance."

"Atakaa na nani?"

"Na binti yangu."

"Anapenda mbwa?"

Nikakohoa kidogo. "Aliumwa na mbwa mwaka jana. Ni surprise, mama. Nataka woga umtoke."

Mama Odilia akainama, akamtoa Simba juu ya kiatu changu taratibu, akawarudisha wote bandani na kushindilia komeo.

"Basi hukuja kutafuta mbwa, umekuja kutafuta dawa. Dawa mimi niliacha kugawa nilipostaafu."

"Mama, nitaongeza hela."

"Weka hela yako mfukoni, mwanangu. Hata posa haiendi na bwana harusi peke yake. Kamlete mtoto, na mama yake. Nikiona mtoto hataki, utarudi Mbeya mikono mitupu na sitakuonea huruma."

Nilinuna kutoka Kalenga mpaka Makambako. Kilomita zote hizo niende nirudi kwa sababu ya mahojiano ya mbwa? Nyumbani nikamweleza mke wangu nikitegemea aniunge mkono.

"Huyo mama nampenda kabla sijamwona," akasema.

Kumwambia Tuse ilikuwa kazi nyingine. Akauliza, "Watakuwa wamefungiwa?" Nikamwambia ndiyo. "Na nikitaka kuondoka tunaondoka?" Mama yake akajibu, "Dakika hiyohiyo." Akakubali, kwa sauti ndogo sana.

Jumamosi iliyofuata tukaazima gari ya shemeji, hao Kalenga. Tumefika, Tuse kamshika mama yake sketi kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unajua kuandika namba vizuri?"

Tuse akaitikia kwa kichwa.

"Afadhali, maana mimi macho yamechoka. Kaa pale barazani na hii kalamu. Mimi nitapima, wewe utaniandikia."

Hakusema neno lolote kuhusu kuogopa. Akamkalisha kwenye stuli, mgongo ukutani, kadi saba mapajani. Mzani akauweka mbali, kule chini ya mti wa mparachichi, na mama wa puppies akafungiwa bandani. Mama Odilia akawa anawatoa watoto mmoja mmoja.

"Namba moja! Kilo tatu na robo!"

Tuse anaandika.

Kila akimaliza wawili, Mama Odilia anauvuta mzani hatua chache kuja barazani, eti jua linamwumiza macho. Ilipofika zamu ya namba tano, mzani ulikuwa hatua kama sita hivi kutoka kwa Tuse. Jike, jeusi tii. Wenzake wote walikuwa wanarukaruka mzani unayumba, huyu akakaa katikati ya sahani, akatulia, anatazama watu.

"Huyu ndiyo mgonjwa mzuri," Mama Odilia akasema. "Kilo tatu kamili."

Nikamwona Tuse anainua shingo kutazama. Wakuu, moyo wangu ulijaa furaha mpaka nikapoteza akili.

Maana kilichofuata ni mimi. Nikaona mambo yameiva, mtoto yuko tayari, bado kusukumwa kidogo tu. Nikaenda bandani, nikamchomoa Simba wangu, nikaja naye nikiwa nacheka, nikamweka kwenye mapaja ya Tuse.

Ukelele ule nausikia mpaka leo. Kadi zikaruka, stuli ikaanguka, Tuse akakimbilia mgongoni kwa mama yake anatetemeka, na puppy wa watu yuko chini analia.

Mama Odilia alimwokota kwanza puppy, akampapasa miguu, alikuwa mzima. Halafu akanigeukia.

"Wewe baba, nenda ukakae kwenye gari."

Nikaenda. Mtu mzima, na ndevu zangu. Nilikaa kwenye gari ya shemeji madirisha yamefungwa na nililia, siwafichi. Nilijua nimeharibu, kwamba sasa mtoto atakaa ndani mwaka mwingine, na mara hii aliyemuumiza ni mimi.

Mke wangu alinisimulia yaliyoendelea barazani. Mama Odilia aliokota kadi akaendelea kupima namba sita na saba, anaziandika mwenyewe. Mwandiko wake mbaya. Tuse akachungulia kutoka mgongoni kwa mama yake, akasema, "Bibi, saba hiyo inafanana na moja." Akapewa kalamu arekebishe.

Nikaitwa wakati wa kuaga. Mama Odilia akasema yeye hapokei advance. Ana utaratibu wake: anayetaka puppy anaacha nguo aliyoivaa mwilini, isiyofuliwa, puppy anailalia wiki mbili. Siku ya kumfuata anakuwa ameshamjua mtu wake kwa harufu, halii njiani.

"Lakini leo sidhani kama kuna wa kuacha nguo," akamalizia. "Nendeni salama."

Mke wangu akaanza kufungua mtandio wake, kwa kunihurumia tu, nisife kwa aibu.

Tuse akavua sweta.

Macho bado mekundu, pua inachuruzika, na kile kibaridi cha Iringa mnakijua. Akalikunja vizuri, akampa Mama Odilia mkononi.

"Wa namba tano," akasema. "Ila asiletwe. Nitamfuata mimi."

Wakuu, Simba wangu wa njano aliyelala kwenye kiatu nilimsahau palepale. Angetaka namba tano, kumi, au mbuzi, ningesema sawa. Niligeuka nikajifanya nakagua tairi.

Wiki mbili zile nyumbani hakukukalika. Kila jioni simu Kalenga. "Bibi, namba tano ana kilo ngapi?" Anaandika kwenye daftari la hesabu. Mwishowe jina likaja lenyewe: Kilo.

Siku ya kumfuata mimi nilikaa mbali bila kuambiwa. Mama Odilia akafungua banda, Kilo akatoka amelivuta sweta kwa meno, linaburuta vumbi. Tuse akakaa chini kwenye nyasi, akafumba macho, mikono mapajani.

Nilipiga hatua moja tu. Hajafumbua macho akasema, "Baba, mwache aje mwenyewe."

Kilo akaja. Akanusa kiatu, akanusa goti, akanusa lile kovu la mguuni, akajizungusha mara mbili akajilaza hapohapo. Tuse akafumbua jicho moja. Ilipita kama dakika tano ndipo akaweka kidole kimoja mgongoni kwa puppy. Mama Odilia akapangusa miwani yake, akaingia ndani kuchukua kadi.

Njiani Kilo alitapika mara moja, Mafinga, kwenye suruali yangu. Sijawahi kutapikiwa nikafurahi vile.

Sasa Kilo ana miezi mitano. Mnataka kujua kama woga umeisha? Haujaisha wote, nisiwauzie sera. Juzi jioni ndiyo sababu ya uzi huu.

Tuse alichukua kamba, akamfunga Kilo, akasema anaenda dukani kuchukua kiberiti. Peke yake. Mimi nikasubiri apige hatua kumi, nikatoka nyuma nyuma kama mwizi.

Wanakaribia duka, kwenye fremu ya fundi seremala mbwa akabweka kwa kishindo kutoka ndani ya uzio. Tuse akasimama, mikono ikamganda. Na huyo Labrador wangu, mbwa wa ukoo, mbwa wa kadi, akajificha nyuma ya miguu ya Tuse na mkia katikati ya mapaja, anatetemeka.

Mguu wangu ulishanyanyuka. Nikaushusha.

Tuse akamtazama Kilo. Akachuchumaa katikati ya barabara, akamzungushia mkono shingoni, nikamsikia kwa masikio yangu haya:

"Usiogope. Amefungiwa. Mimi niko hapa."

Wakasubiri kidogo. Wakaenda dukani. Wakarudi na kiberiti.

Nilichojifunza, kwa anayetafuta puppy: mwone mama yake, kagua anapolala, mkimbie muuzaji ambaye mbwa wake husafiri, na umpende yule anayekuhoji maswali mpaka unakasirika. Na kama mbwa ni wa mtoto, mtoto aende. Mimi nilikuwa natafuta mbwa wa kumtoa mwanangu woga, kumbe mwanangu alikuwa anahitaji mbwa ambaye yeye ndiye angemtoa woga.

Bei na namba za simu msiniulize hapa, Mama Odilia akiziona humu nitaitwa kukaa kwenye gari tena.

Haya, kiti nimewaachia. Nani amewahi kuwa na mtoto aliyeogopa mbwa, mlipita wapi? Na wale wa pilipili kwenye ugali, njooni mjitetee, nina kidole gumba cha ushahidi. Nachelewa kidogo kujibu, maana wawili hawa wananisubiri getini na mara hii nimeruhusiwa kwenda nao.